Mgeni Naye Apewe Jembe



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, tukiwa kwenye uchungaji katika parokia mojawapo ya hapa Arusha, baba mmoja alitufuata nje ya kanisa akiwa na mke wake na watoto wao wawili. Ni Wamarekani weusi. Walikuwa wamehamia Arusha wiki chache kabla, wakikaa hotelini huku wakitafuta nyumba ya kupanga. Kwa Kiswahili chake cha kujifunza akatuuliza: "Mafrateri, ninyi mnaijua Arusha. Tukae wapi?"

Tulimjibu kwa furaha, kila mmoja na lake. Mmoja wetu aliisifu Njiro, mwingine akaitaja Ilboru kwa sababu ya hewa ya mlimani, wa tatu akasema Usa River kuna nafasi ya watoto kucheza. Tukazungumzia maji, barabara za vumbi, geti na mlinzi wa usiku. Yule baba alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Hayo dalali ameshatuambia. Mimi nimeuliza majirani."

Hatukuwa na jibu. Tumelifikiria swali lake tangu siku ile, na leo tunaliweka mbele yenu, ndugu wasomaji, kwa sababu tunaamini si swali la familia ile peke yake.

Kwanza tuelewe kwa nini aliuliza. Kwa familia nyeusi ya Marekani, kuchagua mahali pa kukaa ni jambo zito. Mwaka 1950, mkemia mweusi Percy Julian, aliyejulikana kwa kutengeneza homoni za tiba kutokana na soya, alinunua nyumba Oak Park, kitongoji kinachopakana na jiji la Chicago. Kabla familia yake haijahamia, watu walijaribu kuichoma nyumba hiyo. Juni 1951, familia ikiwa imeshahamia, baruti ikarushwa karibu na chumba cha kulala cha watoto. Elimu yake na mali yake havikumkinga. Kosa lake lilikuwa rangi.

Na tusidhani waliofanya mambo ya namna hiyo walikuwa wapagani wote. Agosti 5, 1966, Martin Luther King aliongoza maandamano Marquette Park, ndani ya Chicago, kudai watu weusi waruhusiwe kununua na kupanga nyumba popote. Alipigwa jiwe kichwani. Wengi wa wakazi wa eneo lile walikuwa Wakatoliki, na baadhi ya mapadre na masista walioandamana naye walizomewa na watu wa imani yao wenyewe. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunapolisoma hilo tunashtuka. Mtu anaweza kupokea Ekaristi asubuhi na mchana akaokota jiwe ili jirani asihamie.

Hatuna haki ya kutikisa kichwa kana kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka uleule wa 1951, mwezi Novemba, huku kwetu Ngarenanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya mifugo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Mijini nako watu walitengwa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina hayo tunayatumia hadi leo bila kukumbuka kwamba kila moja lilikuwa na maana ya nani akae wapi. Basi swali la "nikae wapi nisifukuzwe" tunalijua. Babu zetu waliliuliza wakiwa katika ardhi yao wenyewe.

Lakini mlima huuhuu una habari nyingine, nayo ni njema. Mwaka 1972 waliingia nchini Pete na Charlotte O'Neal kutoka Kansas City. Pete alikuwa kiongozi wa chama cha Black Panther katika mji huo, na aliondoka Marekani baada ya kutiwa hatiani katika kesi ya kusafirisha bunduki. Walipita Sweden na Algeria kabla ya kufika Tanzania. Hatimaye wakajenga makao yao Imbaseni, karibu na Maji ya Chai, katikati ya majirani Wameru. Mwaka 1991 wakaanzisha hapo kituo cha jamii ambako vijana wa vijiji vya jirani hujifunza bila kuulizwa ukoo. Charlotte akaitwa Mama C. Mwenzao Geronimo Pratt, aliyekaa gerezani miaka 27 kwa hukumu iliyokuja kutenguliwa mwaka 1997, naye alifanya makao Imbaseni, na huko ndiko alikofariki mwaka 2011.

Hatuwatakasi watu hawa, wala hatusemi tunakubaliana na kila walichokifanya ujanani. Tunatazama jambo moja tu. Walipotoka, mtaa uligawanywa kwa rangi. Walipofika, walipata majirani. Ni nini kilichofanya iwezekane?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumezoea kuitumia methali hii kumsema mgeni mvivu. Sisi tunaisikia kwa namna nyingine. Jembe hapewi mtu wa kupita. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa shamba: atalima, atapalilia, na wakati wa mavuno atakuwa na haki ya kula bila kukaribishwa. Imbaseni wageni walishika jembe na wenyeji wakakubali walishike. Hapo ndipo ugeni ulipokwisha.

Sasa turudi kwa familia yetu, maana hapa tuna la kuungama.

Walipata nyumba. Dalali alipowaona na kusikia lafudhi yao, kodi ikapanda karibu mara mbili ya ile anayolipa jirani wa ukuta mmoja. Kwa kuwa si raia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, hawakuwa na njia nyingine ila kupanga, wakakubali. Watoto wa mtaani wakawaita "wazungu weusi". Hayo tuliyasikia tukacheka.

Kanisani tuliwapokea kwa makofi. Walipofika kwenye jumuiya, waliwekewa viti vya mbele wakapewa soda, wengine wote tukiwa kwenye mabenchi. Wiki ya tatu wakapelekewa kadi ya mchango wa ujenzi, yenye kiasi mara tatu ya kile cha familia nyingine. Waliopeleka kadi hiyo tulikuwa sisi mafrateri. Miezi minne ikapita. Sala za jumuiya zikazunguka nyumba kwa nyumba, na kila zilipokaribia kwao tuliwaruka, tukisema tusiwasumbue wageni. Tulidhani hiyo ni heshima.

Siku moja, sala zilipokwisha, yule mama akamgeukia mwenyekiti wa jumuiya. "Baba mwenyekiti," akasema, "zamu yetu ni lini?"

Ndugu wasomaji, hilo ndilo jiwe tulilolirusha sisi. Halikuwa la Marquette Park, halikumwaga damu. Lakini kiti cha mbele kinaweza kumweka mtu nje kama ukuta unavyofanya. Mgeni asiyepewa zamu anabaki mgeni, na mgeni asiyeisha ugeni hatimaye anageuka kuwa mfuko wa kuchangia.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao tunazijua. Watasema watu hawa wana uwezo, kuna kosa gani wakichangia zaidi? Hakuna kosa mwenye kingi akitoa kingi. Kosa ni kumwomba mtu fedha kabla hujamwomba asome somo la kwanza. Watasema pia kwamba wageni wengine ndio wanaojifungia, wanajenga kuta ndefu, na kodi za mtaa mzima zinapanda kwa ajili yao. Hilo nalo ni kweli. Jembe linamfunga anayelipokea kama linavyomfunga anayelitoa. Mgeni anayetaka hewa ya Meru bila kutaka kuwajua watu wa Meru, huyo naye amekataa ujirani.

Darasani tumesoma kwa Aristotle kwamba mji si watu kukaa mahali pamoja na kuuziana vitu. Anasema hata kuta za Megara na Korintho zikiunganishwa, havitakuwa mji mmoja. Kinachohitajika ni urafiki wa watu wanaotaka kuishi vema pamoja. Tukiitazama mitaa yetu mipya yenye mageti marefu, ambako mtu anaishi miaka mitano bila kujua jina la jirani, tunaona mwanafalsafa huyo alitusema hata sisi.

Tena, jambo hili haliishii kwa Wamarekani. Mkongo aliyepanga chumba Kaloleni, kijana wa Kisukuma aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, dada aliyehamishiwa kazi kutoka Mtwara: wote huulizwa, "Wewe kwenu hasa ni wapi?" Wakati mwingine swali hilo ni la upendo. Wakati mwingine ni mlango unaofungwa taratibu.

Tufanye nini? Turudi Oak Park, kitongoji kilekile kilichomrushia Julian baruti. Mwaka 1968 viongozi wake walipitisha sheria ndogo ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Mwaka 1972 wakazi wakaanzisha kituo cha kuwapokea wanaotafuta makazi na kuwashauri, ili weusi na weupe wachanganyike mtaa kwa mtaa badala ya kila rangi kujikusanya kona yake. Leo karibu mkazi mmoja kati ya watano wa Oak Park ni mweusi. Mapungufu yapo bado. Lakini hawakungoja mioyo ibadilike yenyewe. Waliwapa watu kazi ya kupokea.

Sisi Wakatoliki tayari tuna chombo hicho: jumuiya ndogo ndogo. Tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya iwe na mtu wa kuitembelea familia mpya katika wiki ya kwanza, akiwa mikono mitupu, bila kadi yoyote. Familia hiyo ipewe zamu ya sala ndani ya mwezi wa kwanza. Na Mkristo mwenye nyumba ya kupangisha atoze kodi moja kwa kila mpangaji, bila kuangalia sura wala lafudhi. Ibrahimu pale Mamre aliwakimbilia wageni watatu kabla hawajamwambia wanatoka wapi.

Zamu ya familia ile ilifika Jumamosi iliyopita. Viti havikutosha, wengine tulikaa kwenye mkeka. Jirani yao Mwislamu alileta chupa ya chai na vikombe. Binti yao mkubwa alisoma Injili kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale, na tulimsubiri. Mwishoni mwenyekiti alitangaza kwamba wiki ijayo mama mwenye nyumba atakuwa kwenye zamu ya usafi wa kanisa. Alicheka, akaandika siku hiyo kwenye daftari lake.

Katika jumuiya yako, ndugu msomaji, ni nani ambaye bado hajapewa zamu?