Amepona: Sasa Tuache Dawa?

Kuko ulizo moja ambalo familia nyingi za machimbo wanaleta kwa muchungaji: “Mutoto alikuwa anasikia sauti, anakimbia usiku. Tuliomba, tukamupeleka kwa munganga, akapewa vidonge. Sasa analala muzuri, anakula bukari, amerudi kwa korali. Kama Mungu amemuponyesha, hivi vidonge ni vya nini tena?”

Jibu ni hili: musiache. Vidonge ni moja ya vitu vinavyomushika ili asimame.

Ninyi wenye kuingia chini ya udongo munajua. Ukitoa miti inayotegemeza shimo, udongo hauanguki kila mara siku ile ile. Watu wanaingia, wanatoka, wanacheka. Kisha siku moja unawafunika. Dawa ya ugonjwa wa kichwa iko vile vile. Ukiiacha leo, kesho utaona mutu muzima. Pengine wiki zinapita, pengine miezi. Ugonjwa ukirudi, hakuna anayekumbuka vidonge; tunaanza kutafuta mulozi, na bibi muzee wa nyumba anashitakiwa bure.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri kwamba mutu aliyepatwa na ugonjwa wa namna hii mara ya kwanza aendelee na dawa angalau miezi 7 mpaka 12 kisha kupona. Aliyeugua mara nyingi atakunywa muda murefu zaidi. Siku ya kuacha, munganga ndiye atasema, na ataipunguza polepole.

Ni kweli, dawa zingine, kama Haldol, zinaweza kukaza shingo na kutetemesha mikono. Vijana wengi wanaziacha juu ya hii. Usimugombeze. Umurudishe kwa munganga: anaweza kupunguza kipimo ao kubadilisha dawa. Lubumbashi kuko kituo Joseph Guislain kwa magonjwa haya. Mahali pengine uanze kwa senta ya afya.

Nyumbani, mutu mmoja aangalie vidonge. Usingizi ni kengele ya kwanza: akikesha siku mbili tatu, ao akisema chakula kina sumu, musingoje. Mumulinde na lutuku na bangi. Mumurudishie kazi kidogo kidogo: leo kuchota maji, kesho kuuza kwenye meza. Musimufunge kamba, na musimuite “kichaa”. Iko na jina lake.

Maombi na dawa havigombani. Eliya alipochoka mpaka kuomba kufa, malaika alimupa kwanza mukate na maji, akamuacha alale tena. Safari ilikuja nyuma.

Na ninyi vijana wa korali, mumuachie nafasi yake kwenye benchi. Saa ya kidonge ikifika, mumoja wenu amupe kikombe cha maji, bila kunong’ona.