Mitandao ya shule yahitaji ngeli

Zipo shule na vyuo vingi nchini ambavyo vilianza na kompyuta chache za maabara na sasa vina mitandao saba, minane au zaidi katika ua mmoja, lakini havina mwalimu hata mmoja awezaye kueleza ni nani anaruhusiwa kufika wapi. Ujuzi huo umo kichwani mwa fundi. Fundi akihama, taasisi husalia na kisanduku kinachomweka taa pamoja na orodha ndefu ya kanuni ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Ninaamini kwamba hali hii inaweza kurekebishwa bila ya kununua chombo chochote kipya, na kwamba wa kuirekebisha kwanza ni walimu.

Ifahamike kwamba nyaya za jengo moja zaweza kugawanywa zikawa mitandao pepe kadhaa, ambayo mafundi huitaja kwa herufi VLAN. Kiwango cha 802.1Q, kilichotolewa na shirika la IEEE mwaka wa 1998, huwezesha kila kifurushi cha data kubandikwa nambari ya mtandao wake, na nambari zinazoweza kutumika ni 4,094. Kwa njia hiyo kompyuta ya mhasibu na ya mwanafunzi hazionani, hata kama zimechomekwa katika swichi ileile. Zikihitaji kuwasiliana, sharti zipitie kwa bawabu, naye ni ruta.

Hapo ndipo matatizo huanzia. Chukua shule yenye mitandao minane: usimamizi, uhasibu, chumba cha walimu, maabara mbili, maktaba, mabweni na wageni. Fundi akiamua kuandika kanuni kwa kila jozi, kutoka huku kwenda kule, atapata jozi 56. Shule ikiongeza mtandao wa kamera za usalama, jozi zinakuwa 72. Katika shule moja ya bweni ambako niliombwa kutazama orodha kama hiyo, kanuni zilikuwa zimejaza kurasa tatu, na mstari mmoja uliosahauliwa ulikuwa umeacha njia wazi kutoka mabwenini hadi kwenye kompyuta inayohifadhi alama za mitihani. Hakukuwa na mdukuzi wala hila yoyote. Palikuwa na uchovu tu wa mtu aliyeandika jambo lilelile mara hamsini.

Dawa yake inajulikana. Mitandao hiyo hupangwa katika makundi, kisha kanuni huandikwa kwa kundi. Tukiwa na makundi matatu, yaani wafanyakazi, wanafunzi na wageni, jozi za kuamuliwa ni sita tu. Programu ya OpenWrt, ambayo hutumika katika ruta nyingi ndogo, huyaita makundi haya kanda, nazo ruta za MikroTik huyaunda kwa orodha za milango. Kila VLAN hubaki na nambari yake na anwani zake. Hakuna kinachochanganywa ila uamuzi.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na mpango huu, kwa kuwa anauishi kila siku. Neno kompyuta lilipoingia katika lugha yetu hatukulitungia sarufi ya peke yake. Tuliliweka katika ngeli ya I-ZI, na papo hapo likarithi upatanisho wote: kompyuta hii imeharibika, kompyuta hizi zimeharibika. Hali kadhalika, maabara ya tatu ikijengwa kesho, mtandao wake utiwe katika kundi la wanafunzi, nao utarithi ruhusa na makatazo yote bila ya mstari mwingine wa kanuni.

Lakini ngeli zina funzo la pili, na hili ndilo mafundi wengi hulikosea. Kifaru na kiongozi yana umbo la KI-VI, ila hatusemi kifaru kimekimbia. Twasema amekimbia, kwa sababu maana imeshinda umbo. Vivyo hivyo, kundi la mtandao lisifuate jengo wala swichi. Chumba kilichoko ndani ya maabara, ambamo walimu huingiza alama, ni cha kundi la wafanyakazi hata kama waya wake umepita katika kabati moja na nyaya za wanafunzi. Fundi huona waya. Anayejua kazi ifanyikayo mle chumbani ni mwalimu, na ndiyo sababu nasema orodha ya makundi iandikwe katika mkutano wa walimu kabla fundi hajafungua ruta.

Yamkini mtu atauliza: mbona basi tusiunganishe yote yawe mtandao mmoja tukapumzika? Kirusi kikiingia katika maabara moja, utengano wa VLAN huweza kukizuia kisitapakae shule nzima, na hiyo si faida ya kutupa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kosa katika kanuni ya kundi huwadhuru wanakundi wote. Ni kweli. Hata hivyo kosa la aina hiyo hujitokeza mapema, ilhali lililojificha katika mstari wa 41 laweza kukaa miaka.

Pana tahadhari mbili ambazo fundi asisahau kuulizwa. Kuwa katika kundi moja hakumaanishi kutembeleana: katika OpenWrt, kila kanda ina mpangilio unaoamua iwapo mitandao iliyomo yaweza kupitishiana data, na mabweni hayana haja ya kuifikia maktaba moja kwa moja. Pili, mtandao ambao haujapewa kundi lolote usipite popote. Kanuni ya mwisho ya ruta iwe ni kukataa.

Walimu wa kompyuta wanaweza kulifanya zoezi hili darasani wiki hii, kwa chaki tu. Wanafunzi wachore mitandao yote ya shule yao, waipange katika makundi na watetee kila uamuzi kwa Kiswahili. Mjadala utakaozuka juu ya mahali pa kuiweka maktaba, ambayo hutumiwa na walimu na wanafunzi pia, utachukua kipindi kizima.