Mjusi wa uani: atazamwe, asishikwe

Mvulana wa miaka saba anayeishi mtaa wa Mabatini, Mwanza, alikuwa na kopo la rangi alilolitoboa mfuniko. Humo aliweka mijusi aliowakamata kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mdogo wake, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akilifungua kopo, anaingiza mkono, kisha mkono unaenda mdomoni.

Wiki hiyo mdogo alianza kuharisha, na homa ikapanda. Jirani mmoja akasema ni sumu ya mjusi. Mama akamwaga kopo, akamwambia kijana achukue manati awamalize wote waliobaki kwenye jiwe.

Kituo cha afya, muuguzi alimwanzishia mtoto ORS na zinki, halafu akauliza kuhusu maji, choo na wanyama wa nyumbani. Aliposikia habari za kopo hakucheka. Alieleza kwamba mijusi hawa wadogo hawana sumu, lakini utumbo wao unaweza kubeba bakteria wa salmonella, na mjusi mwenyewe asiugue. Kinyesi chake kikigusa ngozi yake, kopo au vidole, safari ya kufika mdomoni ni fupi. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, kwani kuharisha huwamalizia maji mwilini haraka.

Kama kweli kopo ndilo lililomuumiza mtoto, hakuna aliyethibitisha. Kinyesi chake hakikupimwa maabara. Lakini manati haikuwa dawa.

Mzazi, mkiwa na mijusi uani, kazi kubwa ni sabuni. Kibuyu chirizi karibu na mlango wa jikoni kinatosha, mradi mtoto anawe kila atokapo kuchezea udongo na mawe, hata kama anaapa hakugusa kitu. Mjusi kafiri wa ukutani akidondokea chakula, kimwage. Si kwa sababu ya sumu inayosemwa, bali ni uchafu ule ule. Na mtoto asiingize mkono kwenye nyufa za mawe hata siku moja. Nyoka nao hupenda kujificha humo. Akiharisha damu, akilegea, akishindwa kunywa au macho yakizama, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, mwache atazame. Wakazi wa Mwanza wana bahati, maana mjusi wa mawe wa huko ana rangi ambazo mtoto hatazisahau: dume ana kichwa na mabega mekundu au ya waridi, na mwili wa buluu iliyokolea. Jike ni wa kahawia, ukipita haraka humwoni. Dume huinua na kushusha kichwa na kifua kwa nguvu, na watoto husema anapiga pushapu. Kwa kweli anawaambia madume wengine kwamba jiwe hili lina mwenyewe. Chakula chao ni wadudu, wakiwamo sisimizi na panzi, kwa hiyo anayepulizia dawa ya wadudu uani kila wiki asishangae wakihama.

Pembeni, kwenye ukuta, yupo yule mwembamba mwenye mistari miwili ya rangi hafifu mgongoni. Huyu hazai mayai, huzaa watoto hai. Akishikwa mkia huukata akakimbia, na mwingine humwota taratibu.

Kijana wa Mabatini sasa ana daftari kuukuu la shule na mstari wa chaki sakafuni ambao haruhusiwi kuuvuka. Ameandika kwamba dume hutoka jua likishapasha jiwe, na kwamba mawingu yakija rangi zake hufifia. Mdogo wake amepona. Hutazama akiwa amepakatwa na mama, na kila dume akiinua kichwa, naye huinua chake.