Plutoniumu, Shinkolobwe na vumbi la koltani: mambo ya wataalamu inatuhusu wapi?

Neno «uraniumu» likitajwa pale Nyawera, watu wanapunguza sauti. Mmoja atasema ni bomu, mwingine atasema ni mali ya kutajirisha ukoo mzima, wa tatu atakuonya usiingie katika mambo ile. «Plutoniumu» ndiyo kabisa, wengi hawajaisikia. Lakini kuna watu ulimwenguni ambao kazi yao yote ni hiyo, na wanakutana kuizungumzia. Tangu mwaka 1997 kuna mkutano mkubwa wa kimataifa wa sayansi juu ya plutoniumu na ndugu zake, unaofanyika karibu kila miaka 2 au 3. Umeisha kupita Santa Fe kule Marekani, Dijon, Cambridge, Baden-Baden, San Diego, Avignon. Katika orodha hiyo mji wa Afrika haumo.

Hao ndugu wanaitwa aktinidi. Ni elementi 15, kuanzia namba 89 hadi namba 103 katika jedwali ile wanafunzi wanaikariri kwenye masomo ya kemia. Uraniumu ni namba 92, toriumu ni 90, plutoniumu ni 94. Uraniumu na toriumu ziko ardhini tangu dunia kuumbwa. Plutoniumu, tuseme ukweli, karibu yote imetengenezwa na watu: uraniumu inapigwa na chembe ndogo inayoitwa nyutroni, inaimeza, inageuka, na baada ya siku chache inakuwa plutoniumu. Glenn Seaborg na wenzake waliitambua Berkeley, California, mwanzoni mwa 1941. Aina yake inayojulikana zaidi inahitaji miaka kama 24 000 kusudi nusu yake iishe. Ndiyo maana wataalamu hawaachi kukutana: wanataka kujua itafanya nini katika maji, katika udongo, katika chuma, kwa muda ambao hakuna Serikali wala kanisa limewahi kudumu.

Sasa, Kongo inaingia wapi? Inaingia tangu mwanzo. Mwaka 1915 madini ya uraniumu yalivumbuliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo. Kampuni ya Union Minière ilitafuta radiumu tu, ya kutibu kansa na kuuza kwa bei kali. Uraniumu yenyewe ilionekana karibu kama takataka. Mwaka 1940, vita ikiwa imefika Ubelgiji, mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1 200 hadi New York na kuziweka katika bohari ya Staten Island. Mapipa yakakaa hapo. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipofika kuuliza kama uraniumu inaweza kupatikana, Sengier alimjibu kwamba iko hapo tayari. Mawe ya Shinkolobwe yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya uraniumu, wakati penginepo asilimia 1 ilihesabiwa kuwa bahati.

Sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi wa bomu ilitoka kwetu. Sehemu yake ilipikwa katika mitambo ya Hanford na ikatoa plutoniumu, na kilo kama 6 za plutoniumu ziliangamiza Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Sengier alipewa medali na Marekani. Majina ya wachimbaji wa Shinkolobwe hayajulikani, wala mionzi waliyoipata hakuna aliyeiandika.

Tarehe 6 Juni 1959 mtambo wa nyuklia wa kwanza katika Afrika nzima uliwashwa Léopoldville, katika Chuo Kikuu cha Lovanium kilichoongozwa na Padri Luc Gillon, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafizikia. Uliitwa TRICO I, mdogo tu, kilowati 50. TRICO II, wenye nguvu ya megawati 1, ulifuata mwaka 1972. Vijana wa Kongo walijifunza hapo, na watafiti wa nchi zingine za Afrika walikuja. Lakini mambo yakaharibika polepole. Miaka ya 1970 vyuma viwili vya mafuta ya nyuklia vilipotea. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998 katika mikono ya wahalifu, cha pili mpaka leo hakijaonekana. TRICO II ilisimama mwaka 2004. Mwaka huohuo Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya Rais, na miezi michache baadaye shimo likaporomoka juu ya wachimbaji waliokuwa wakiingia bado, wakitafuta kobalti.

Isiseme mtu kwamba sayansi ya namna hii haiwezi kufanyika Afrika. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba uraniumu ya Oklo, Gabon, ilipungukiwa kidogo kuliko kawaida. Kumbe mtambo wa nyuklia wa asili ulikuwa umewaka chini ya ardhi peke yake, miaka karibu bilioni 2 iliyopita, bila fundi wala waya! Ulitengeneza hata plutoniumu, na plutoniumu hiyo haikusogea mbali na pale ilipozaliwa. Kwa wale wanaouliza takataka za nyuklia zizikwe namna gani, jibu la maana lilitoka katika jiwe la Afrika. Na Juni 1975 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liliitisha mkutano wa wataalamu juu ya jambo hilo pale Libreville.

Turudi Kivu, kwani huku ndiko jambo linagusa ngozi. Koltani ya Numbi katika Kalehe, au ya Rubaya kule Masisi, haina plutoniumu. Lakini ndani ya punje zake uraniumu na toriumu zinajificha kidogo, kwa kiasi kinachobadilika toka shimo hadi shimo. Jiwe likiwa zima mkononi, hatari si kubwa, mionzi yake mingi inazuiwa na ngozi. Tatizo ni vumbi. Ukilivuta, linakaa katika mapafu na kupiga kutoka ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wachimbaji wa koltani mashariki mwa Kongo ulionyesha hilo: kubeba viloba ni kitu kidogo, kutwanga na kuchunga ndiko kunaleta mionzi mingi. Tena kuna radoni, gesi inayozaliwa na uraniumu, haina harufu wala rangi, na inajikusanya katika mashimo marefu yasiyo na hewa.

Sasa angalia jambo ambalo ni vigumu kulimeza. Koltani ikitaka kupanda meli, sheria za kimataifa zinauliza: je, uraniumu na toriumu ndani yake zimepita bekereli 10 kwa gramu? Zikipita, kontena inabandikwa alama ya mionzi, namba 7, na kampuni nyingi za meli zinaikataa. Kwa hiyo mnunuzi anajua. Ile mashine ya mkononi ambayo watu wanaiita pistole, ambayo kontuari inaelekeza kwa unga wa koltani kusudi ijue asilimia ya tantali, ina uwezo wa kusoma hata uraniumu na toriumu. Zikiwa nyingi, bei inashuka. Yaani namba hiyo inatumika kumkata mchimbaji franga, lakini haitumiki kumwambia afunge mdomo kitambaa au aloweshe mawe kabla ya kutwanga. Kiloba kinapimwa, mwenye kukibeba hapimwi.

Kazi ya kupima mionzi nchini ni ya CGEA, Komisaria ya Nguvu za Atomiki, yenye makao Kinshasa. Toka Kinshasa hadi Numbi ni mbali, na vita imeongeza umbali huo. Lakini Lwiro si mbali. Kituo kile cha utafiti kimekuwepo tangu wakati wa Wabelgiji. Bukavu ina Université Officielle, ina ISP, na zote mbili zinafundisha. Hakuna anayeomba reakta. Kipimo kidogo cha mionzi cha kubeba mkononi, wanafunzi wawili na daftari vingetosha kuanza kuandika shimo gani liko na mionzi kiasi gani.

Wakati tunangojea, kuna yale yasiyohitaji wataalamu. Maji juu ya mawe kabla ya kutwanga. Nguo za kazi zisilale ndani pamoja na watoto, na kiloba cha koltani kisiwekwe chini ya kitanda, hata kama mwenye nyumba anaogopa wezi. Shimo liwe na njia mbili za hewa.

Na wale wanaozunguka na sanduku la chuma wakisema ni uraniumu ya mamilioni, au «mercure rouge»? Hiyo mercure rouge haipo, ni hadithi ya kuibia watu. Uraniumu ya ardhini, ni asilimia 0,7 tu yake inayoweza kuwaka. Bila viwanda vikubwa haiwezi kuwa bomu, wala hakuna mnunuzi wa kweli atakayeitafuta mtaani. Ila sanduku lenyewe lisifunguliwe. Mwaka 1987, Goiânia nchini Brazil, watu walivunja chombo cha hospitali kilichoachwa, wakidhani ni chuma cha kuuza. Ndani mlikuwa sesiumu, unga uliong'aa buluu gizani. Walionyeshana, watoto wakaucheza. Watu 4 walikufa katika majuma machache, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 6.