Magoti si Saini

Kila panapozungumzwa jinsi ya kusema na watu wa asili mbalimbali mjini Kampala, hoja zilezile hurudi, na wasemaji wake hawana hata chembe ya shaka. Nazijibu.

Wanasema Kiingereza kinatosha. Kinatosha wapi? Kwenye ofisi za Nakasero, labda. Shuka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Mnunuzi kutoka Butembo anakuja na Kiswahili chake, wa Juba na Kiarabu chake, na mwenye duka hubadili lugha kila anapoingia mteja mpya. Hakuna aliyempeleka kozi. Anajua tu kwamba asiyeelewa bei huhamia duka la jirani.

Hoja ya pili inaniudhi zaidi: eti Kiswahili huku ni lugha ya askari na wezi, na ukikitumia umemtukana mwenyeji. Ina mzizi wa kweli. Kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka yake wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mzee aliyeamriwa kwa lugha hiyo ashuke garini, bunduki ikimwelekea, halaumiwi akishtuka hadi leo.

Lakini historia haikuanzia kizuizini. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na mrithi wa Kabaka huyo, Muteesa wa Kwanza, alizungumza Kiswahili na wageni wake kabla Uingereza haijapandisha bendera yake hapa. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo tusikizike, wala tusimshindilie mtu. Anza kwa salamu ya mwenyeji: “Wasuze otya nno, ssebo?” Ngoja ajibu, naye akujulie hali, salamu za Buganda hazina haraka. Kisha muulize mwendelee kwa lugha gani. Kiswahili kilichotanguliwa na salamu hakisikiki kama amri.

Wengine watakuambia ukariri mila za kila kabila, basi. Kujua kunasaidia, sikatai. Mtu wa Bunyoro au Toro hufurahi ukimwita kwa empaako yake, jina la heshima na upendo ambalo desturi yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na mgeni asiyejua kwamba kuinua nyusi hapa ni kusema “ndiyo” hudhani amepuuzwa, akarudia swali mpaka awe kero. Ila katiba inataja jamii za asili 65, nani atazikariri? Kijana aliyezaliwa Ntinda, baba Mnyankole na mama Mwacholi, utamfungulia ukurasa upi?

Kukariri kuna hatari kubwa zaidi zahanatini. Mama wa Buganda anapiga magoti, anaitikia taratibu, na daktari anaandika kwamba mgonjwa ameelewa na kukubali. Magoti ni heshima, si saini. Mwombe aeleze kwa maneno yake atakavyozimeza hizo dawa.

Kwamba kubadili namna ya kusema ni unafiki, sina mengi ya kujibu. Anayedai hivyo hasemi na mkwewe kama anavyosema na rafiki zake baa. Unafiki ni kubadili kilicho ndani: bodaboda anayepandisha nauli akisikia lafudhi ya kigeni, huyo ndiye wa kulaumiwa.

La mwisho ni kwamba mgeni ndiye abadilike, mwenyeji akae kama alivyo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako. Mkongomani wa Katwe hujifunza Kiganda cha sokoni upesi, maana asipojifunza hali. Lakini maneno ya kununulia ndizi hayatoshi kueleza maumivu ya tumbo la uzazi. Hapo wa kusogea ni mwenye ofisi.

Enyi wasimamizi wa zahanati na ofisi za Kampala, waajirini wakalimani na muwalipe. Mtoto wa miaka kumi asiachwe aseme na daktari kwa niaba ya mama yake.