Mtoto Anayelima Shamba la Shule Naye Ale



Katika karatasi hii tumezoea kuandika habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kuandika habari za mboga. Msicheke. Mboga tunazozitaja ni zile za mashamba ya shule huko kwetu Homa Bay na Migori, na neno tunalotaka kulisema ni neno la chama hasa: afanyaye kazi apate sehemu yake, na sehemu hiyo iandikwe kabla ya jembe kuinuliwa.

Hali yetu mwaijua. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikufika Homa Bay wala Migori. Sisi wa kusini mwa Nyanza tulioajiriwa katika reli tuko Kisumu, Nakuru, Nairobi na Mombasa, na watoto wa wengi wetu wamebaki nyumbani kwa babu na bibi zao. Kila mwisho wa mwezi twatuma pesa kwa simu. Pesa hiyo hununua unga, sabuni, omena na mboga. Tena mboga nyingi zinazouzwa Oyugis, Rongo na Homa Bay mjini hutoka Kisii kwa gari. Basi mshahara wa reli wanunua majani ambayo yangeweza kumea nyuma ya darasa.

Si kwamba ardhi yetu haijui mboga. Mama zetu walitulea kwa osuga, yaani mnavu. Kwa dek, ambayo wengine huiita mgagani. Kwa apoth, yaani mlenda. Kwa majani ya kunde na mchicha. Zamani wengine waliziona kuwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, amezichunguza mboga hizi miaka mingi, hata mwaka 2014 akatunukiwa Medali ya Edinburgh. Majani haya humpa mtoto madini ya chuma ya kuongeza damu, na vitamini A ya kulinda macho. Tena hayakawii. Kunde huchumwa majani baada ya wiki 3 au 4, na osuga na dek baada ya wiki 4 hadi 6. Zikipandwa mwanzo wa muhula wa pili, mvua ikingalipo, watoto huchuma mwezi wa sita, wakati mahindi ya mwaka jana yamekwisha katika nyumba nyingi na mapya hayajakauka shambani.

Serikali nayo yajua faida ya shamba la shule. Vyama vya 4-K vilianzishwa mwaka 1962, na maana ya jina ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilififia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021. Hatuna neno juu ya shabaha hiyo, ni njema. Neno letu ni hili: katika shule nyingi, Kufanya ni kwa watoto, na kula ni kwa wengine.

Sisi tunaoandika haya tulisoma shule za msingi za misheni, na twasema tuliyoyaona. Aliyechelewa asubuhi alipewa jembe. Aliyezungumza Kijaluo darasani alipewa jembe. Wale wasio na makosa walipewa debe la kuchotea maji. Mboga zikawa nzuri sana. Ijumaa jioni zilifungwa mafungu, nyingine zikaenda nyumba za walimu, nyingine zikaenda sokoni, na hatukuona daftari hata siku moja. Hatuitaji shule kwa jina, maana si shauri la shule moja. Matokeo yake twayaona mpaka leo: kijana aliyejua jembe kama fimbo hukimbia shamba maisha yake yote, hata akikosa kazi mjini.

Watu wa Migori wanaelewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu ya tumbaku. Katika mashamba ya tumbaku watoto wamesaidia kuchuma na kukausha, wakakosa masomo, na jani lile hata njaa halikuwaondolea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia kilimo na chakula, yalianza kuwasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Jambo hilo ni jema. Lakini kama mtoto ametoka katika jani la tumbaku asilolila, akaingia katika jani la sukuma wiki ambalo pia halili, tumembadilishia nini?

Sasa tufanye hesabu, kwa maana maneno bila hesabu ni kelele. Chukueni kipande cha futi 40 kwa futi 40. Sukuma wiki zikipandwa kwa nafasi ya futi 2 kila upande, yaingia miche 400. Kama shule ina watoto 400, kila mtoto ana mche mmoja. Mche mmoja ukichumwa mara moja kwa wiki hutoa majani 2 au 3. Basi sehemu ya mtoto ni majani hayo tu. Si mengi. Mtu akiwaambia kwamba kipande kama hicho kitamaliza njaa ya shule, mwambieni ahesabu tena. Na kwa kuwa ni kidogo, akichukua mmoja kapu zima, watoto 20 au 30 wamekosa.

Tazameni na upande wa kazi. Wakati wa jua, mche mmoja wataka kama lita moja ya maji kwa siku. Miche 400 ni lita 400, yaani madebe 20 ya lita 20. Mtoto wa darasa la nne hawezi debe zima. Tuseme achukua lita 5. Hapo ni safari 80 kila siku kutoka kisimani au ziwani. Katika reli, kazi ya namna hiyo isingefanywa bila zamu, bila msimamizi na bila malipo yanayojulikana. Kwa nini ifanywe hivyo na watoto wetu?

Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1953 akiwa kijana wa miaka 23. Yeye na wenzake walitufundisha kwamba hisani ya mkubwa si haki. Hisani hutolewa leo na kunyimwa kesho. Mapatano yaliyoandikwa hubaki. Basi twashauri kila shamba la shule liwe na mapatano, yaandikwe kwa lugha ambayo bibi wa mtoto aielewa, yabandikwe ubaoni. Yawe na mambo matano:

1. Jembe lisiwe adhabu. Kazi iwe kwa zamu, kila darasa kwa siku yake, na mtoto mgonjwa aachwe.

2. Mavuno yaingie kwanza katika sufuria ya shule, na kila mtoto apate, hata yule ambaye nyumbani kwao hawakuweza kutoa mchango wa chakula cha mchana. Mchango wake amekwisha kuutoa kwa mikono.

3. Mafungu yanayobaki yapelekwe nyumba zenye shida. Utafiti wa serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mayatima wetu ni wengi, na bibi wengi walea peke yao. Lakini mtoto asiitwe mbele ya wenzake kupewa fungu kama ombaomba. Fungu lipelekwe kimya.

4. Atakaye kununua anunue kwa bei ya soko, awe mwalimu, mzazi au mgeni. Pesa inunue mbegu. Kila kilichochumwa na kila senti iandikwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Wakati wa likizo shamba lisiachwe likauke. Nyumba zilizo karibu zimwagilie kwa zamu, na kile wanachochuma katika zamu yao kiwe chao.

Wengine watasema: mtoto apelekwa shule kusoma, si kulima. Twawajibu kwamba kupima futi 40, kuhesabu miche, kuandika daftari na kugawa bila ugomvi ni masomo, tena ya maana. Kulima bila hayo ndiko kusikokuwa somo.

Wengine watasema: mwalimu naye mshahara wake mdogo, mwacheni apate sukuma yake. Ndugu, mwalimu ni mfanya kazi mwenzetu. Chama cha walimu wa Kenya, KNUT, kiko tangu mwaka 1957. Akidai mshahara tutasimama naye. Lakini nyongeza ya mshahara haitafutwi katika bakuli la mtoto. Hutafutwa kwa mwajiri.

Na sisi tulio mbali tufanye nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imempa mzazi nafasi katika bodi ya shule na katika chama cha wazazi. Mzazi aliye mbali naye ana haki ya kuuliza. Tena tuna ufundi. Mafundi wetu wa karakana wajua kukunja mabati. Paa la darasa lenye meta 20 kwa meta 7 likipata mvua ya milimita 10, humwaga kiasi cha lita 1,400, ambayo ni maji ya siku tatu na nusu kwa miche 400. Sasa yanamwagika chini na kuchimba msingi wa nyumba. Mfereji wa bati na tangi vitampunguzia mtoto safari 80. Siku chache za likizo ya fundi mmoja zaweza kazi hiyo, ikiwa wanachama wa tawi wamechangia mabati na tangi.

Kuna mfano wa karibu. Kati ya miaka 2016 na 2019 mpango wa Shamba Maisha ulifanya utafiti Kisumu, Homa Bay na Migori kwa watu wanaoishi na virusi. Walipewa mkopo wa pampu ya kumwagilia, vifaa vya kulimia, na mafunzo. Chakula nyumbani kwao kilizidi. Somo twaliona wazi: mbegu peke yake haitoshi, jembe peke yake halitoshi, maji yakiwapo na mtu akijua mavuno ni yake, shamba hutunzwa.

Basi twaomba kila mwanachama wa Homa Bay na Migori, akienda likizo nyumbani, afike shuleni kwa adabu, amwamkie mwalimu mkuu, kisha aulize maswali matatu. Nani alilima? Nani alikula? Daftari liko wapi? Majibu ayalete tawini, tuyasome pamoja katika mkutano. Shule yenye mapatano tuisaidie kwa mfereji na tangi. Shule isiyo nayo tuisaidie kwanza kuyaandika.

Sisi wenzenu wa reli.