Tarehe Haigandishi Theluji

Hoja kwamba makorongo ya Milima ya Rocky huko Colorado, yaani mifereji myembamba yenye mteremko mkali kati ya kuta za miamba, huwa salama kwa wapandaji na watelezaji wa skii mara tu Aprili inapokwisha, inachanganya kalenda na fizikia. Theluji ya majira ya machipuko huimarika kwa kuyeyuka mchana na kuganda usiku, na mgando huo hutegemea hali ya anga: usiku usio na mawingu, uso wa theluji hupoteza joto kwa mnururisho na huweza kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali mawingu hulirudisha joto hilo na kuiacha theluji ikiwa tepetepe hadi alfajiri. Aidha, korongo linaloelekea mashariki hupigwa na jua mapema kuliko la kaskazini, na vumbi linalopeperushwa kutoka jangwani huifanya theluji ifyonze mionzi zaidi. Anayepuuza mambo hayo hujiweka katika njia ya maporomoko ya theluji yenye maji, ambayo ni mazito na hayakwepeki kwa urahisi ndani ya korongo. Kwa hiyo kigezo kinachofaa ni ugumu wa theluji alfajiri, pamoja na saa ya kutoka kabla theluji haijalainika.